Risasi Hamsini kwa Kila Mkono

Alhamisi, saa tatu kasoro robo asubuhi, mpelelezi Idella Rask aliegesha gari la ofisi ya sherifu mbele ya uwanja wa shabaha wa Sorrel Creek, akashuka na boksi la donati kwapani. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mwenye sauti ya mtu aliyekua akiita ng'ombe kutoka mbali. Upepo wa Wyoming ulimpokea kwa kumvua kofia. Aliikimbiza, akaikanyaga ili isiende mbali, akaivaa tena na tope lake.

"Siku imeanza vizuri," alisema mzee aliyeketi kwenye ngazi za mlangoni.

Huyo alikuwa Orrin Beasley, fundi wa bastola kwa miaka thelathini na moja katika karakana ya mama Billie Haugen. Kwa ajili yake Idella alikuwa macho tangu alfajiri. Jumatatu jioni mwizi aliingia karakanani kwa dirisha la paa, akafungua droo ya Orrin kwa ufunguo wa Orrin mwenyewe, akaondoka na bastola namba moja, ya kwanza kabisa katika aina mpya iliyopewa jina la Kipanga. Ufunguo ule hukaa umening'inizwa nyuma ya kalenda. Nani mwingine angejua? Mwendesha mashtaka aliuliza swali hilo kisha akajijibu mwenyewe. Ikifika saa sita mchana siku hiyo angemfungulia Orrin mashtaka ya wizi wa silaha, na mtu mwenye mashtaka ya aina hiyo hakabidhiwi tena bastola, hata ya kupigwa msasa tu. Orrin hakuwa na kazi nyingine aliyoijua, wala hakuwahi kuitamani.

"Umelala, mzee?"

"Nimelala kwa zamu na paka. Yeye kapata zamu ndefu."

"Kula donati."

"Ndiyo chakula cha mwisho cha mfungwa?"

"Ingekuwa cha mwisho ningekuletea nyama," alisema Idella, akamkokota ndani.

Alikuwa na ushahidi mmoja tu ambao mwendesha mashtaka aliutupilia mbali. Nyuma ya karakana, chini kabisa ya lile dirisha la paa, theluji ilikuwa imeyeyuka na kuacha tope, na kwenye tope hilo kulikuwa na alama ya mkono wa kulia wenye glavu. Haikuwa alama ya mtu aliyejishikiza. Kisigino cha kiganja kilikuwa kimezama kina cha kidole kizima, na vidole vilikuwa vimejipinda kuelekea nje. Mtu alianguka kutoka paani na kuuangukia mkono wake. Mwendesha mashtaka alisema mtu yeyote anaweza kuteleza nyuma ya jengo lolote, na kwamba hospitali haikupokea mgonjwa wa aina hiyo. Lakini Jumanne asubuhi Orrin alikuwa ameshinda akipiga tupa kwa mkono wa kulia, tena akipiga mluzi. Idella alimwona kwa macho yake.

Tangu mwaka uanze, watu wawili tu wa nje walikuwa wametembezwa karakanani, na wote wawili walikuwa wamealikwa leo kuijaribu Kipanga kwa mara ya kwanza. Mama Billie alitaka kuahirisha kwa ajili ya ule wizi. Idella alimwomba asiahirishe. Alitaka kuona mikono.

Wa kwanza kumwona alikuwa Joleen Kittredge, mfanyakazi wa posta na bingwa wa shabaha wa wilaya kwa miaka minne mfululizo. Alikuwa amefungwa bendeji nyeupe kubwa kwenye mkono wa kulia.

"Mkono huo vipi, dada?"

"Mafuta ya moto. Nilikuwa nakaanga kuku. Mimi na jiko hatupatani."

"Lini?"

"Jumatatu. Halafu jioni nikaenda mazoezi ya kwaya hivyo hivyo, nikaimba nalia. Waulize, wote wananikumbuka. Wanasema sijawahi kuimba vizuri vile."

Idella aliandika. Ushahidi wa wanakwaya kumi na wanane na mpiga kinanda ulikuwa mzuri mno, lakini bendeji bado ilikuwa bendeji.

Wa pili alikuwa Dwight Crandall. Huyu alikuwa na watazamaji laki tatu mtandaoni waliomfuata kusikia maoni yake ya kwanza kuhusu kila bastola inayotoka, na alitembea kama anayejua kuwa wote wako nyuma yake. Alikuwa keshasimamisha kamera kwenye miguu mitatu. Alipomwona Idella hakumpa mkono. Alimvulia kofia kwa mkono wa kushoto, akainama kidogo kama mtu wa zamani.

"Mama mpelelezi! Umekuja kututazama au kutukamata?"

"Kula donati kwanza, mengine tutaona."

"Huyo mzee ndiye wa kukamatwa," alisema Dwight kwa furaha, akimwelekezea Orrin kidevu. "Kama si kwa wizi, basi kwa ile bastola yake ya mwaka juzi. Nilisema ukweli mtupu juu yake na tangu hapo mama Billie hanipi kitu mapema. Mapema anampa Joleen."

"Joleen hapigi kelele kabla ya kupiga risasi," alijibu mama Billie.

Mama Billie alikuwa na miaka sitini na tisa, uzito wake haukuzidi wa mfuko wa saruji, na uwanja ule ulikuwa chini ya amri yake. Alifungua sefu mbele ya Idella, akavunja lakiri, akatoa bastola tatu: namba mbili, namba tatu na namba nne. Hakuna mtu aliyewahi kuzifyatua isipokuwa Orrin, risasi tano tano za majaribio, zote zimeandikwa. Magazini zilikuwa tano, za risasi kumi kumi, kila moja imewekwa namba kwa rangi ya kucha ya mama Billie, nyekundu ya kupofusha.

"Sheria ni hizi," alisema. "Bastola moja, namba mbili. Kila mtu risasi hamsini. Mpelelezi anahesabu. Ikikwama, hakuna kugusa mpaka aandike. Masikio! Macho!"

Wote wakavaa viziba masikio na miwani.

Mama Billie akaanza mwenyewe. Alisimama kama anayesubiri basi, akafyatua risasi hamsini bila haraka, na maganda matupu yakaruka kulia kwake moja baada ya jingine na kugonga sakafu kwa mlio. Kwenye karatasi matundu yalijikusanya mahali ambapo sahani ya kikombe ingeyafunika yote. Idella aliandika: hamsini, kukwama hakuna.

"Kifyatulio ni chepesi," alisema mama Billie, akifuta miwani. "Kinaachia pale unapotaka, si kabla. Inapiga chini kidogo. Orrin, inua kilengeo cha mbele."

"Ni kushusha, mama. Cha mbele kikishuka, risasi inapanda."

"Basi kishushe, usinifundishe mbele za watu."

Joleen akafuata, na bendeji yake. Idella alisogea karibu mpaka akapigwa shavuni na ganda la moto. Mkono ulikuwa imara, kifundo hakikucheza, na bendeji ilipolegea ikaonekana kilichoungua ni kidole gumba tu. Hamsini, kukwama hakuna. Joleen aliiweka bastola mezani akacheka peke yake.

"Ni tamu," alisema. "Mzee Orrin, ni tamu kweli. Inarudi palepale ilipokuwa."

Orrin alitazama viatu vyake. Ilikuwa saa nne na nusu, na sifa zile zilimuuma kuliko matusi.

Idella alifuta jina la Joleen kwenye daftari. Mtu aliyeangukia kiganja kutoka paani Jumatatu hawezi kushika chuma vile siku ya Alhamisi. Hapo akabaki na Dwight, ambaye mikono yake ilionekana mizima kabisa, yenye glavu nyembamba za kupigia shabaha, mikono mirefu ya shati imeshuka hadi kwenye vidole.

"Joleen, nijazie magazini, mpenzi," alisema Dwight. "Mimi sijazi. Mimi nafyatua."

"Jijazie, umevunjika vidole?"

"Nazungumza na watazamaji."

Kweli akageukia kamera na kuanza. Akasema hii ndiyo mara ya kwanza kabisa yeye kuigusa Kipanga, na kwamba wapendwa watazamaji watapata maoni yake yakiwa ya moto. Joleen alijaza magazini huku akimkunjia uso.

Risasi sita zilitoka salama. Ya saba ilitoka, chuma cha juu cha bastola kikarudi nusu, na ganda tupu likabanwa kwenye tundu la kutokea likiwa limesimama wima.

"Hakuna kugusa!" alipaza sauti mama Billie.

Idella aliandika. Ya kumi na tatu ikakwama vilevile. Ya kumi na tisa. Mpaka hamsini zinamalizika, bastola ilikuwa imekwama mara saba, na Dwight alikuwa anang'aa kwa jasho na ushindi.

"Mbovu," aliiambia kamera. "Wapendwa, inasikitisha, ila ni mbovu. Mara saba katika hamsini. Ukivamiwa nyumbani ukiwa na hii, mrushie mwizi."

Orrin alisimama, uso mweupe. "Labda springi," alisema kwa sauti ndogo. "Springi ni mpya, ni ngumu. Labda nimeikaza mno. Kosa litakuwa langu."

Hapo ndipo Idella alipokasirika. Mzee alikuwa amebakiwa na saa moja na dakika chache, na bado alikuwa anatafuta kosa la kujibebesha.

"Kaa chini, mzee. Hatujamaliza kuhesabu."

Akaanza kubadilisha kitu kimoja kimoja. Magazini namba tatu, iliyomkwamia Dwight mara mbili, alimpa mama Billie: kumi zikatoka zote. Risasi kutoka boksi lilelile alilotumia Dwight alimpa Joleen: kumi, zote. Pengine bastola ilikuwa imechoka kwa moto? Alimpa mama Billie namba mbili ileile ikiwa bado inachoma: kumi, zote. Mwisho akamkabidhi Dwight bastola nyingine kabisa, namba nne, na magazini mbili. Ishirini. Ikakwama mara tatu.

Idella alitazama daftari lake. Magazini ilikuwa imebadilika, risasi zimebadilika, bastola imebadilika. Kitu kimoja tu hakikubadilika, nacho kilikuwa kinakula donati ya pili kwa mkono wa kushoto.

Alimvuta Orrin pembeni, karibu na ndoo ya maganda.

"Fundi, kwa nini bastola nzima ikwame kwa mtu mmoja?"

Orrin alitazama huku na huku. "Sijui."

"Unajua."

"Mama, hilo neno halisemwi hapa. Mtukane mtu gari lake, mtukane mbwa wake, mtukane hata mkwe wake. Hilo neno, hapana. Mwaka jana watu wawili walishikana mashati kwa ajili yake."

"Una saa moja, Orrin."

Mzee akamsogelea sikioni. "Bastola ikipiga, chuma cha juu kinahitaji kurudi nyuma chote. Kinajisukuma kwa kuegemea ngumi yako. Ngumi ikikubali kurudi nacho, kinaishiwa nguvu katikati, ganda linabanwa. Na springi ikiwa mpya ndiyo hivyo tena, haisamehe. Inaitwa..." Akameza mate. "Inaitwa mkono mlegevu."

"Na mtu anayejua kupiga, mwenye miaka ishirini kwenye kazi hii, mkono wake unalegeaje ghafla?"

Polepole Orrin akageuka kumtazama Dwight, na Idella akaona kwamba fundi ameelewa.

Lakini mkono wenye maumivu si kosa la jinai. Dwight angesema ameanguka bafuni, na mwendesha mashtaka angecheka hadi chakula cha mchana. Idella alihitaji mdomo wake, na mdomo wa Dwight haukuwahi kuwa na kufuli. Akarudi mezani, akahakikisha taa nyekundu ya kamera inawaka, akasema kwa ile sauti ya kuitia ng'ombe:

"Bwana Crandall, nimemaliza uchunguzi. Bastola ni nzima. Wewe una mkono mlegevu."

Donati ya Joleen ilisimama njiani. Mama Billie alishika kifua.

"Umesemaje?" aliuliza Dwight.

"Mkono mlegevu. Bibi wa miaka sitini na tisa kapiga sabini bila kukwama. Wewe umekwama mara kumi."

"Mama, futa hilo neno. Kamera inarekodi!"

"Naona. Laki tatu, sivyo? Nitawaambia mwenyewe." Idella aliisogelea kamera. "Wapendwa watazamaji, huyu bwana mnayemwamini..."

"Mimi nimefundisha watu kushika bastola!" Dwight alikuwa amewiva. "Mimi ndiye ninayewaambia wengine walegevu! Si mkono, ni bastola! Ni aina nzima ndiyo mbovu!"

"Umepiga bastola mbili tu, utajuaje aina nzima?"

"Kwa sababu nimeipiga! Nimepiga risasi mia mbili kamili, mama, mia mbili, na hakuna magazini hata moja iliyoisha bila kukwama! Mtu halegei mkono mara mia mbili!"

Idella alifungua daftari taratibu, akalamba kidole, akafunua ukurasa.

"Hapa nimekuandikia sabini," alisema. "Hamsini na namba mbili, ishirini na namba nne. Na hizo mia moja na thelathini nyingine, bwana Crandall, ulizipiga na Kipanga ipi?"

Nje upepo ulikuwa unagonga kibao cha bati. Dwight alitazama sefu, akatazama kamera yake mwenyewe, iliyokuwa inamtazama na taa yake nyekundu.

"Namba tatu haijaguswa," alisema mama Billie polepole. "Hizi zote tatu zilikuwa na lakiri mpaka asubuhi hii. Nje ilikuwa namba moja peke yake."

"Vua glavu," alisema Idella.

Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimefungwa kitambaa cha kukaza, na juu na chini ya kitambaa ngozi ilikuwa imevimba, ya zambarau. Idella aliweka pembeni yake picha ya alama kwenye tope. Hakuhitaji kusema kitu. Dwight mwenyewe alikaa kwenye benchi kama gunia lililokatwa kamba.

"Iko chini ya kiti cha gari," alisema. "Imefungwa taulo safi. Sijaikwaruza hata kidogo."

"Ufunguo?"

"Orrin alinionyesha mwezi wa kwanza. Alikuwa anajivunia droo yake. Nimeirekodi, kalenda inaonekana." Akainua macho. "Nilitaka niwe wa kwanza, basi. Nipige picha nzuri kwa utulivu, leo tukimaliza hapa niweke video usiku huohuo wakati Joleen bado anatafuta maneno. Jumapili ningeirudisha. Wizi gani wa kurudisha?"

"Mimi sina hata video!" alisema Joleen. "Mimi huwa naandika aya mbili kwenye gazeti la kanisa!"

"Na ulikuwa tayari kuona mzee anafungwa?" aliuliza Idella.

Masikio ya Dwight yaligeuka mekundu, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alionekana kuona haya kweli.

Bastola namba moja ilitolewa chini ya kiti saa tano na dakika kumi. Saa tano na robo Idella alikuwa kwenye simu na mwendesha mashtaka, ambaye alitaka kujua kama ana uhakika. Idella alimwambia ana daftari, ana mkono, ana bastola, na ana mshtakiwa aliyejirekodi mwenyewe kwa kamera bora kuliko ya serikali. Upande wa pili ukakohoa. Mashtaka dhidi ya Orrin Beasley hayangefunguliwa, sauti ikasema, na mzee anaweza kurudi kazini wakati wowote.

Idella aligeuka kumpa habari na akamkuta Orrin ameshasikia. Alikuwa amekaa mbele ya meza, mikono yote miwili imelala juu ya chuma cha namba nne, machozi yanamtoka kwa wingi, naye anacheka. Mama Billie alikuwa anampigapiga mgongoni na kumwambia asilowanishe bastola, ni za kuuzwa. Joleen alikuwa amemwekea donati tatu mbele, zote za chokoleti.

Idella alimpeleka Dwight garini, akamsaidia kuingia kwa sababu ya mkono, akachukua fomu ya maelezo.

"Mama," alisema Dwight. "Nikuombe kitu kimoja?"

"Wakili? Nitampigia."

"Wakili baadaye. Hapo kwenye sehemu ya mkono." Alishusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu. "Utaandikaje? Maana itasomwa mahakamani, na watu wote watakuja. Wizi nakubali. Nitakiri kila kitu, hata tarehe. Lakini usiandike lile neno. Andika umeteguka."

Idella alimtazama. Katika miaka ishirini na sita ya kazi hakuwahi kuombwa kitu cha namna ile. Alishusha kioo cha dirisha akamwita Orrin, ambaye alikuwa ametoka kupunga hewa na alikuwa anafuta pua kwa kitambaa cha mafuta.

"Fundi! Wewe ndiye mtaalamu, na wewe ndiye uliyekuwa unaenda kufungwa kwa ajili yake. Huyu bwana anauliza tuandike nini: mlegevu au umeteguka?"

Orrin alikuja hadi kwenye gari. Alimtazama Dwight kwa muda mrefu, akautazama ule mkono uliovimba, na Dwight akainamisha kichwa kusubiri hukumu.

"Andika umeteguka, mama," alisema mzee. "Miaka miwili jela inamtosha."